Shajara ya mradi: makumbusho ya mvinyo na vinywaji vya asili, Njoro

Januari, wiki ya pili

Nyumba imepatikana. Ni ya mawe, vyumba vitatu na varanda, ya enzi za walowezi, upande wa reli hapa Njoro. Mabati yameliwa na kutu pembe ya kaskazini na mbao za sakafu zinalia ukikanyaga, lakini kuta ni nene na ndani mna ubaridi hata saa saba ya mchana. Kwa vitu tunavyotaka kuviweka, ubaridi huo ni mali. Mwenye nyumba amekubali sehemu ya kodi tuilipe kwa ukarabati, na tumeandikiana.

Kikao cha kwanza humu ndani kilikuwa cha moto. Mchoro tuliokuja nao ulianza na zabibu: chumba cha mbele kizima cha Naivasha, ramani ya mashamba, mapipa, chupa za Leleshwa, mvinyo wa zabibu wa shamba la Morendat. Asali, muratina (mvinyo wa asali au miwa) na busaa (pombe ya nafaka) zilibanwa chumba cha nyuma, karibu na choo. Mwalimu wetu mstaafu aliutazama mchoro, akavua miwani, akauliza kama siku hizi mgeni akifika bomani huanza kumwamkia mjukuu kabla ya mzee. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Tuko chini ya msitu wa Mau wanakorina asali tangu jadi. Pango la Mto Njoro liko hapa jirani. Kila ukoo unaotuzunguka una mtu anayejua kutengeneza muratina. Mizabibu ya Naivasha ninayoweza kuisimulia kwa uhakika ni ya miaka ya 1980 kuja huku.

Mchoro umegeuzwa. Chumba cha kwanza ni asali na muratina, cha pili nafaka na mirija, cha tatu zabibu. Mwenzetu anayetafuta wafadhili hakufurahi. Anasema glasi na machweo ya jua huvuta watu kuliko kibuyu. Huenda ni kweli, lakini picha hizo zimejaa tele kwenye hoteli za kando ya ziwa, na wanaozitaka wanajua pa kwenda.

Januari, mwisho wa mwezi

Wakili kijana aliyekubali kutusaidia bila malipo ametupitisha kwenye Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010. Wengi huiita sheria ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni, kwa hiyo nayo ni ya nyumbani na itapata nafasi ukutani. Ndiyo iliyofuta marufuku ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, iliyokuwapo tangu 1980. Kwetu sisi kilicho kizito ni kwamba aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia mahali kileo kinapotengenezwa, kinapowekwa au kinaponywewa, na kwamba leseni zenyewe sasa ziko mikononi mwa kaunti. Tukiweka meza ya kuonja, basi la shule haliingii lango hili. Bila mabasi ya shule hatumalizi mwaka.

Kwa hiyo hakuna kuonja, hakuna kuuza, na chupa zote za maonyesho zitakuwa tupu. Penye meza ya kuonja tutaweka uji wa wimbi uliochachuka. Uji huchachushwa hasa na bakteria wanaotoa asidi ya laktiki, ilhali asali na zabibu ni kazi ya chachu, inayokula sukari na kutoa kileo na gesi. Si kitu kimoja. Lakini mtoto akiona uji aliokoroga jana umeinuka leo na kutoa vipovu bila mtu kuugusa, ameshapata nusu ya somo, na hiyo nusu nyingine ataipata chumba kinachofuata.

Wawili waliokuwa wameuliza kuhusu kukodi varanda kwa sherehe wamepigiwa simu na kuambiwa hapana.

Februari

Kijana wa bodaboda ameleta bakuli la jiwe ndani ya gunia la viazi. Limechongwa kwa jiwe la volkano, ukingo umemeguka upande mmoja, na ndani pamelainika kabisa, unapitisha kidole usikwaruzwe. Babake alilipiga kwa jembe akilima viazi zamani, na tangu hapo limekuwa la kunyweshea kuku. Doa la kijani la maji bado liko.

Kila mtu chumbani alitaka libaki. Haliwezi. Kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, kitu kilichotengenezwa nchini kabla ya 1895 ni kitu cha kale, na anayekipata anapaswa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Si cha kupitishwa mkono kwa mkono kama kuku mwenyewe. Tulimpa kijana nauli, tukamsindikiza hadi Hyrax Hill, eneo la mabaki ya kale huko Nakuru, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, na ambako kuna jumba dogo la makumbusho tangu 1965. Tulichoomba ni ruhusa ya kutumia picha ya bakuli la namna hiyo, na mahali lilikopatikana liandikwe vizuri. Kuku watatafutiwa karai.

Ziara hiyo imetusaidia kuamua jambo lililokuwa linatusumbua. Kule Pango la Mto Njoro, Louis na Mary Leakey walifukua mwaka 1938 mazishi ya watu ambao maiti zao zilichomwa moto kiasi cha miaka 3,000 iliyopita, wakiwa na mabakuli ya mawe, michi, shanga, na hata mabaki ya kibuyu yaliyogeuka makaa. Unaona kishawishi kilipo. Kibuyu, bakuli, Njoro; mtu mwenye haraka anaandika ukutani "mvinyo wa miaka elfu tatu" na magazeti yanakuja mbio. Lakini kibuyu hubeba maziwa, maji, damu, asali, mafuta. Lebo yetu itasema palikuwa na kibuyu, na hapo itakoma. Kijana wetu wa picha anasema lebo hiyo haina utamu. Basi haina.

Machi, wiki ya kwanza

Tumepanda Mariashoni, kwenye msitu wa Mau, kwa ajili ya mzinga. Kutoka Elburgon barabara ilikuwa kavu bado, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

Mzee wa Kiogiek aliyetupokea hakuanza na mizinga. Alianza na karatasi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba serikali ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafurusha Mau; mtu aliyeishi hadithi hiyo hana sababu ya kumwamini mgeni anayekuja na kamera na kutaja neno turathi. Tulikuwa na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, kwa sababu Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya 2016 inataka jamii ikubali kwanza, kabla ya maarifa yake kutumika. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, huku chai yetu ikipoa. Kisha akasema, "Hapa mmeandika picha. Hamjaandika sauti." Tukaongeza sauti.

Baada ya hapo mambo yalifunguka. Mzinga wake ni gogo la mtarakwa lililopasuliwa kwa urefu, kila nusu ikachimbwa ndani, halafu zikafungwa pamoja na kutundikwa juu mtini. Mtarakwa hauozi upesi na mchwa hawaupendi. Alitushushia mmoja uliohamwa na nyuki. Tulipoutenganisha, harufu ilitoka kabla hatujaona kitu: nta, moshi wa zamani, na ile gundi nyeusi nyuki wanayozibia nyufa, ambayo ilikuwa imeshika vidole hadi tukasugua kwa majivu. Masega makavu yalikuwa bado yamejipanga sambamba na gogo. Asali ya huku huja kwa misimu kadiri miti inavyochanua, na mzee aliitaja miti kwa zamu kama mtu anayehesabu wanawe. Asali ya silibwet aliitaja mara mbili.

Mzinga uliohamwa tunaweza kuuchukua. Wenye nyuki, hapana, hata kwa pesa.

Kuhusu mvinyo wa asali alisema mambo ambayo sikuyategemea. Asali na maji vipo huku juu, lakini lile tunda la kuchachushia halioti kwenye baridi hii. Lilipandishwa kutoka sehemu za joto, kwa kubadilishana na asali. Nilikuwa nimefikiria chumba cha kwanza kama kona mbili, kona ya Waogiek na kona ya Wagikuyu, kila mmoja na lake. Sasa naona hakiwezi kupangwa hivyo. Kinywaji chenyewe kimetengenezwa na njia iliyo kati ya msitu na bonde: asali ikishuka, tunda likipanda. Meza itakuwa moja, ndefu, mzinga mwisho mmoja na tunda mwisho wa pili.

Machi, wiki ya mwisho

Tumefika kijiji cha Bahati, kwa Guka, yaani babu, wa mmoja wetu. Huku ndiko nilikokuwa nikingojea kuja tangu Januari.

Guka alimwagiza mjukuu apande darini juu ya jiko la kuni. Akashuka na gunia jeusi kwa masizi. Ndani mlikuwa na vipande vya tunda la mti wa muratina, ule ambao matunda yake huning'inia kwa vikonyo virefu kama soseji kubwa. Vipande vilikuwa vimemenywa na kupasuliwa, vyepesi mno kwa ukubwa wake, rangi ya katani iliyozeeka. Ukivishika unasikia nyuzi zinajifungua chini ya kidole, na kati ya nyuzi mna mabaki meupe ya unga. Hilo ndilo jambo lenyewe. Tunda bichi halichachushi kitu. Huchemshwa kutoa uchungu, hukaushwa juani, kisha huanzwa kwa maji kidogo ya asali au ya miwa ili chachu iingie na kukaa ndani ya nyuzi. Likishakomaa hutumika, hukaushwa, hutumika tena, miaka nenda rudi. Wataalamu wamekuta humo *Saccharomyces cerevisiae*, chachu ileile ya mkate na ya mvinyo wa zabibu. Guka hakuhitaji kuambiwa.

Alieleza pia kazi zilivyogawanywa zamani: wanaume kukata na kumenya miwa, akina mama kutwanga kwenye kinu, maji kukamuliwa na kuchanganywa, kisha kibuyu kuwekwa karibu na moto, siku moja, mbili, kutegemea baridi. Shosho, nyanya wa mwenzetu, aliyekuwa akichambua mboga pembeni, alisema bila kuinua kichwa, "Kutwanga ndiko kazi. Kungoja si kazi." Imo kwenye rekodi na itasikika chumbani.

Kibuyu cha babake Guka ni kikubwa, shingo imeshonwa kwa kamba ya ngozi palipopasuka. Tulipotaja neno zawadi, uso wake ulifunga. Hakitolewi. Tukataja mkopo. Akauliza kitakuwa kinafanya nini huko. Kikionyeshwa tu? Basi kukiwa na ruracio, shughuli ya mahari, au baraka za wazee, yeye atakijia, na asiulizwe maswali getini. Fomu yetu ina mstari wa "muda wa mkopo", ambao kwa kawaida huandikwa miezi. Tumeandika: hadi panapotokea shughuli, na baada ya shughuli.

Vipande vinne vya muratina vilitoka pamoja na kibuyu, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Kurudi Njoro, tukavigonga juu ya karatasi nyeupe: unga laini ukaanguka, na vitundu vya duara vikaonekana. Dumuzi. Wadudu hawa wakiingia makumbusho hawatakula muratina pekee; watahamia kibuyu, mizinga, hata rafu. Dawa ya kunyunyiza hatutaki, kwa sababu kitu hiki kilitengenezwa kiguse kinywaji cha watu. Fundi wa makabati alipendekeza vanishi, "kitang'aa na hakitaliwa". Asante, fundi, lakini hapana.

Njia iliyobaki ni baridi. Kitu hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki, hewa hukamuliwa, kisha huwekwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi. Kikitolewa hakifunguliwi hadi kipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu yake na umebadilisha dumuzi kwa ukungu. Friza tuliyopata ni ya mama anayeuza samaki sokoni. Alituuliza kama ni uchawi. Tulimwonyesha vitundu, akasema mahindi yake nayo yalikwenda hivyohivyo, akatusogezea tilapia.

Swali lililotukosesha raha ni jingine: baridi hiyo ikiua wadudu, itaiacha chachu? Muratina iliyokufa ni kuni iliyochongwa, na hatukuja kuonyesha kuni. Mhadhiri wa sayansi ya chakula kutoka chuo kikuu cha hapa jirani alitutuliza kidogo: mdudu ana maji mwilini na maji yakiganda anakwisha, lakini chachu iliyokauka huvumilia baridi vizuri. Bado tulitaka kuona.

Aprili

Mvua. Ndoo tatu chumba cha kwanza, pembe ya kaskazini kama ilivyotabiriwa. Kipimo cha unyevu kilipita asilimia 80 na kamba ya ngozi ya kibuyu ikaota ukungu mweupe. Tumeisugua kwa brashi laini nje varandani, tumekihamishia chumba cha pili. Mabati yamebadilishwa. Fundi wa mabati ni mtu wa kazi. Fundi wa makabati bado anazungumzia vanishi.

Majibu ya friza: Guka alichukua kipande kimoja, akakiweka kwenye asali na maji ya uvuguvugu nyumbani kwake, kando ya jiko. Asubuhi kilikuwa na povu. Sisi tulipiga makofi, yeye akatuangalia kama watoto. "Ilikuwa imelala." Alimwaga kidogo chini kwanza, kama inavyopasa, na yaliyobaki hayakuingia kwenye rekodi zetu.

Kuanzia sasa muratina tutakuwa na seti mbili. Ya kabati haiguswi. Ya kazi hubaki kwa wenyewe na hutumika, na rejista itaonyesha iko kwa nani. Makumbusho mengi yangeona hiyo ya pili si mali yao hata kidogo, na kweli si mali yetu. Lakini ndiyo yenye uhai.

Mei

Chumba cha pili. Nakuru imejaa familia zilizotoka magharibi kufuata kazi za reli na mashamba, zikabaki, na haziwezi kuachwa nje ya hadithi ya kinywaji cha kaunti hii. Mama mmoja wa Kakamega, anayekaa hapa Njoro tangu usichana wake, alikubali kutuonyesha hatua za busaa hadi kwenye kukaanga tu. Kuchanganya na kimea alituelezea kwa mdomo tu, kwa sababu leseni hatuna na yeye hana haja ya kesi.

Unga wa mahindi uliokaa siku kadhaa kwenye maji ulikuwa umechachuka hadi unawasha pua. Aliumimina juu ya bati pana lililokalia mafiga, akaanza kuugeuza kwa beleshi. Mwanzoni ni tope tu. Kisha unavunjika mabonge, mabonge yanavunjika chenga, chenga zinakauka na kuwa hudhurungi, na harufu inageuka kutoka ukali hadi mkate ulioungua kidogo. Alikuwa anasikiliza kuliko kutazama. Chenga zikigonga bati kwa sauti kavu, moto unaondolewa. Hapo ndipo huongezwa maji na kimea cha wimbi, ambacho ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, maana chachu haiwezi kula unga. Tumechukua video yote na tumeirekodi ile sauti peke yake.

Mirija imekuwa mtihani. Tumepata ya Kiluhya na ya Kijaluo, ile wanayoiita oseke. Mmoja una urefu unaozidi meta moja, na ncha ya chini imefumwa kichujio kidogo cha nyuzi, nadhifu ajabu, kinachozuia makapi. Ukiilaza kwenye kabati la kioo ni fimbo. Haielezi kitu. Maana yake iko kwenye duara: chungu kimoja katikati, wazee wameketi kuzunguka, kila mmoja na mrija wake na mahali pake panapojulikana. Tumeweka chungu katikati ya chumba, mirija imetoka pande zote, na viti vya chini ambavyo mgeni anaweza kukalia. Vichujio viko kwenye kabati pembeni na kioo cha kukuza.

Mtu alipendekeza isukuti ipigwe kwenye spika muda wote. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2014, orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka, na inastahili zaidi ya kuwa kelele za nyuma. Tumekataa.

Juni

Zabibu, hatimaye. Chumba hiki kimekwenda upesi kwa sababu vitu vyake hununuliwa.

Paneli kubwa ni ya ukuaji. Naivasha iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta na karibu meta 1,900 juu ya bahari. Huko Ufaransa mzabibu hulala wakati wa baridi kali na kuamka wenyewe. Hapa hakuna kinacholaza mmea, kwa hiyo msimu huamuliwa na makasi ya mkulima. Ukipogoa, umeanzisha mwaka. Usiku wa baridi wa Bonde la Ufa husaidia zabibu kubaki na ukali wake huku jua la mchana likijaza sukari, na adui mkubwa ni ukungu wa majani mvua inapozidi. Tumechora kalenda ya duara isiyo na Desemba wala Januari, na wageni wa majaribio waliielewa haraka kuliko maandishi.

Tumepata chupa tupu ya mvinyo wa papai wa KWAL (Kenya Wine Agencies Limited), kampuni iliyoanzishwa 1969. Lebo imepauka lakini inasomeka. Kila mtu wa miaka hamsini kwenda juu anayeiona hutabasamu au hukunja uso. Parokia moja imetukopesha kikombe cha misa kisichotumika tena na tumeviweka jirani kwa makusudi: sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai ya misa itokane na zabibu, kwa hiyo papai, hata angelipenda padri, lisingefika altareni. Padri mwenyewe alicheka.

Kuna ramani moja tu ya dunia, ndogo. Inaonyesha nchi ya Georgia, kule Kaukazi, ambako mabaki ya mvinyo kwenye vyungu yamepimwa kuwa ya kama miaka 6000 kabla ya Kristo, na ambako bado wanachachusha kwenye mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini; UNESCO iliutambua utaratibu huo mwaka 2013. Mwenzetu wa wafadhili alitaka tuagize mtungi wa namna hiyo. Nilimuuliza nauli.

Vikonyo vya leleshwa tumeviweka kwenye chombo chenye matundu ili mtu anuse. Kichaka hicho kimejaa Naivasha nzima na wengi wanajua chupa bila kujua jani.

Julai

Mkutano na majirani, kanisa na kikundi cha akina mama. Tuliujia tukitarajia kuambiwa tufunge. Hatukuambiwa hivyo. Tuliambiwa jambo gumu zaidi, na mama aliyepoteza waume wawili wa dada zake kwa pombe: "Mkionyesha kibuyu kizuri na msionyeshe kaburi, mmedanganya watoto wangu."

Kwa hiyo chumba cha pili kina ukuta mpya. Una habari ya mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, Novemba 2000, ambako zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji kilichotiwa methanoli, na maelezo mafupi ya tofauti kati ya kileo cha kuchachusha na sumu ya viwandani inayoongezwa na muuzaji ili kinywaji kiwe kikali zaidi. Una pia kibali cha zamani kutoka sanduku la familia moja, karatasi iliyopauka yenye muhuri wa ofisi ya chifu, ruhusa ya kutengeneza muratina kwa ajili ya harusi. Hiyo karatasi naipenda kuliko vitu vingi humu. Inaonyesha kwamba kinywaji kilikuwa na siku yake, mwenyewe wake na sababu yake. Baadhi yetu wanaona ukuta huo unaharibu hali ya chumba. Umebaki.

Jina la makumbusho bado. Usiniulize.

Agosti

Wageni wa majaribio wamekuja, darasa la sita la shule ya jirani. Uji ulikwisha. Mvulana mmoja alikaa kwenye kiti cha chini, akashika mrija, akatangaza kikao kimeanza na kwamba anayezungumza bila ruhusa atalipa mbuzi.

Wiki iliyofuata Guka alipiga simu: kuna ruracio Subukia. Alikuja Ijumaa na kijana wa ukoo, tukakifungua kabati, tukajaza rejista, kibuyu kikatoka kimefungwa kwa leso. Pale kilipokuwa tumeweka kadi: "Kiko kazini. Kitarudi wiki ijayo." Wageni wa Jumamosi waliisoma kadi hiyo na kuuliza maswali mengi kuliko waliyowahi kuuliza kibuyu kikiwapo, jambo ambalo mwenzetu wa wafadhili amelipokea kwa shingo upande.

Kimerudi Jumanne, kina unyevu ndani na harufu kali. Kanuni za uhifadhi zinasema kikaushwe taratibu kivulini kabla ya kuingia kabatini. Shosho, kwa simu ya mjukuu, anasema kiinamishwe juu ya moshi wa kuni siku mbili, na tusithubutu kukiosha kwa sabuni. Moshi nao hufukuza wadudu, kwa hiyo safari hii tumefuata la Shosho na tumeandika hivyo kwenye rejista, na tarehe. Tutakigonga juu ya karatasi nyeupe Ijumaa.

Yaliyobaki kabla ya kufungua: kibali cha kaunti cha jengo, bawaba mbili za kabati la mirija zinazolegea, vipaza sauti vya chumba cha kwanza, na jibu la Hyrax Hill kuhusu picha ya bakuli.